Mbaruk Yupi? Somo la Majina Yanayofanana Pwani ya Kilifi

Miaka michache iliyopita niliwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa pili zoezi la kuandika kisa kifupi cha kihistoria kutoka nyumbani kwao. Somo lenyewe halikuwa la historia bali la muundo wa matini. Nilitaka kuona jinsi mwandishi anavyomtaja mhusika mara ya kwanza, na jinsi anavyomrejelea baadaye pasipo kumpoteza msomaji. Mwanafunzi mmoja, kijana mpole mzaliwa wa Takaungu, aliandika sentensi hii: "Mbaruk bin Rashid aliposhindwa kwao alikimbilia kwa Mbaruk bin Rashid, akapewa hifadhi."

Nilicheka peke yangu. Nikaitwaa kalamu nyekundu, nikaikata sentensi hiyo, na pembeni nikaandika: "Mtu hukimbiliaje kwake mwenyewe?" Kisha nikamwondolea alama mbili.

Kesho yake alikuja ofisini. Hakuja kwa hasira. Aliniamkia kwa adabu zote, akaketi nilipomwonyesha, akaikunjua karatasi yake. "Niwie radhi, mwalimu," akasema. "Hao ni watu wawili. Mmoja ni wa kwetu Takaungu. Mwingine ni wa Gazi." Alipoona nimenyamaza, akaongeza kwa sauti ya chini, "Na baba zao pia walikuwa wawili."

Jioni ile nilifungua vitabu. Kijana alikuwa amesema kweli, nami mwenye shahada ya uzamifu ndiye niliyekosa. Nilimrudishia alama zake, lakini nilihisi kwamba deni halijakwisha. Makala haya ni jaribio la kulilipa, kwa maana sidhani kuwa ni mimi peke yangu niliyepata kumkata mtu kwa kalamu nyekundu kwa sababu ya kuchanganya majina.

Ndugu msomaji, tukifuate kisa hicho pole pole, kwani kina mitego mingi. Ukoo wa Mazrui, ambao asili yake ni Omani, uliitawala Mombasa kwa takriban miaka mia moja, hadi 1837. Mtawala wao wa mwisho aliitwa Rashid bin Salim. Mwaka huo Seyyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, alifaulu kumtia mbaroni yeye na jamaa zake kadhaa, akawasafirisha hadi Bandar Abbas katika Ghuba ya Uajemi. Rashid hakurudi tena. Wamazrui waliosalia waliihama Mombasa kwa makundi mawili. Kundi moja lilielekea kaskazini, likatia makazi Takaungu, kusini kidogo ya mkono wa bahari wa Kilifi. Kundi la pili lilielekea kusini, likatia makazi Gazi, katika sehemu ambayo siku hizi ni Kaunti ya Kwale. Mwana wa Rashid bin Salim huyo aliyehamishwa ndiye aliyekuja kuwa mkuu wa Gazi. Jina lake ni Mbaruk bin Rashid. Huyu alikuwa mtu wa vita, na kabla ya Mwingereza kuishika Pwani alikuwa amekwisha kupambana mara kadhaa na majeshi ya masultani wa Unguja.

Sasa twende kaskazini. Mapema mwaka wa 1895 mkuu wa Takaungu, Salim bin Khamis, aliaga dunia. Wakatokea watu wawili waliokitaka kiti chake. Wa kwanza alikuwa mwanawe, naye aliitwa Rashid bin Salim. Wa pili alikuwa binamu yake Rashid, aliyemzidi umri, na wengi waliona kwamba kwa desturi ya ukoo haki ilikuwa yake. Jina lake lilikuwa Mbaruk bin Rashid. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, ambayo wakati huo ilikuwa karibu kuikabidhi nchi kwa serikali ya Uingereza, ilimsimika Rashid kwa kuwa alikuwa rafiki yake. Mbaruk alikataa kumtambua, akajitenga na wafuasi wake mahali paitwapo Gonjoro.

Yaliyofuata ni vita vilivyoitikisa Pwani yote. Katikati ya mwaka huo huo Mbaruk wa Takaungu alitimuliwa Gonjoro, na hatimaye akaenda kuomba hifadhi kwa jamaa yake, Mbaruk wa Gazi. Tarehe 1 Julai 1895 Uingereza ilitangaza rasmi Himaya yake ya Afrika Mashariki. Mkuu wa Gazi akatakiwa amtoe mgeni wake, naye hakumtoa. Mwezi wa Agosti wanamaji wa Kiingereza waliiteka ngome yake ya Mwele. Huku nyuma Aziz, nduguye Mbaruk wa Takaungu, aliendeleza mapambano kaskazini katika nchi ya Wagiriama, na Hamisi bin Kombo wa Mtwapa naye akaingia vitani. Waingereza walilazimika kuleta askari kutoka Bara Hindi. Mnamo Aprili 1896 Mbaruk wa Gazi na wafuasi wake wengi walivuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani. Aliishi Dar es Salaam, akafariki huko mwaka wa 1910.

Hebu sasa tufanye jaribio. Tuyafute majina ya mahali katika kisa hiki, tubakize majina ya watu tu. Rashid bin Salim anakamatwa 1837, kisha anasimikwa 1895, baada ya miaka 58. Mbaruk, mwana wa Rashid bin Salim, anaasi dhidi ya Rashid bin Salim, yaani mwana anampiga vita baba yake mzazi. Akishindwa, anakimbilia kwake mwenyewe, na serikali inamtaka ajitoe! Hakuna hata jina moja lililoandikwa vibaya katika masimulizi hayo, lakini kisa kizima kimekuwa uongo.

Kiswahili kina neno zuri la kuwaita watu wawili wenye jina moja. Wengine husema "wajina", na wengine husema "somo". Mtu akikutana na mwenye jina lake humwita "somo yangu", na papo hapo huzaliwa urafiki na utani baina yao. Neno hilo hilo ni la mtu wa siri, mwandani na mlezi anayemfunza mwari mambo ya utu uzima. Nalo pia ni lile tuliandikalo ubaoni kila asubuhi, somo la kwanza, somo la pili. Sitaki kudai kwamba maana hizi zilitoka katika chimbuko moja. Nasema tu kwamba wazee wetu hawakuliona jina la kufanana kuwa bahati mbaya. Waliliona kuwa uhusiano. Aliye somo yako anakuhusu.

Kwa nini basi majina yarudierudie kiasi hicho? Jawabu limo katika desturi ya kumpa mtoto jina la babu yake. Tutazame mfano ambao walimu na wanafunzi wengi wanaujua, tena kutoka ukoo uo huo. Katika karne ya 19 palikuwa na mwanachuoni wa Mombasa, Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui. Mwanawe alikuwa Sheikh Al-Amin bin Ali (1891–1947), mwanzilishi wa magazeti ya Sahifa na Al-Islah katika miaka ya 1930, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hadi kufa kwake. Mwana wa Sheikh Al-Amin alikuwa Profesa Ali Al'amin Mazrui (1933–2014), mtaalamu wa siasa aliyejulikana ulimwenguni kote. Babu ni Ali, mwana ni Al-Amin, mjukuu ni Ali. Jina limeruka kizazi kimoja, likatua katika kizazi cha pili.

Wala mambo hayakuishia hapo. Yupo pia Profesa Alamin Mazrui, mwanaisimu na mwandishi wa tamthilia ya Kilio cha Haki iliyotoka 1981. Yeye na Profesa Ali waliandika pamoja vitabu kuhusu lugha, kimojawapo mwaka wa 1995 kuhusu Kiswahili, dola na jamii, na kingine mwaka wa 1998 kuhusu lugha na utawala barani Afrika. Sijui ni tasnifu ngapi nimesoma ambamo mwanafunzi ameandika "Mazrui anasema" na kuniacha nikikuna kichwa. Mazrui yupi? Sheikh aliyeandika historia ya ukoo wake na watawala wa Mombasa? Mwanasiasa-mwanazuoni? Mwanaisimu? Kuna mwanafunzi aliyepata kuwaunganisha wote watatu, akampa mtu mmoja umri wa zaidi ya miaka mia na kazi za watu watatu.

Mambo haya si ya Pwani peke yake. Mji wa Cordoba, enzi za Waislamu wa Andalusia, ulikuwa na mwanasheria mkubwa aliyeitwa Abu al-Walid Muhammad bin Ahmad bin Rushd. Alikuwa kadhi wa mji huo, akafariki 1126. Mwaka huo huo alizaliwa mjukuu wake, naye akaitwa Abu al-Walid Muhammad bin Ahmad bin Rushd. Huyu ndiye mwanafalsafa ambaye Ulaya ilisoma fafanuzi zake za Aristotle kwa karne nyingi. Jina lilikuwa lile lile toka mwanzo hadi mwisho. Waarabu walifanyaje? Hawakulibadilisha jina la yeyote. Mmoja walimwita Ibn Rushd Babu, na mwingine Ibn Rushd Mjukuu. Vivyo hivyo Wafaransa, wenye waandishi wawili walioitwa Alexandre Dumas, mtu na mwanawe, huongeza neno "baba" kwa mmoja na "mwana" kwa mwingine. Utaona kwamba dawa iliyotumika haikuwa namba wala herufi. Ilikuwa neno la ujamaa, neno linalosema huyu ni nani kwa yule.

Tukirudi kwetu, desturi hiyo hiyo tunaikuta kwa Wagiriama na ndugu zao Wamijikenda wengine, ingawa lugha na dini vinaweza kutofautiana na vya jirani zao wa Takaungu. Mtoto wa kwanza wa kiume aghalabu hupewa jina la babu mzaa baba. Ndiyo maana katika familia moja utamkuta Karisa wa Katana aliyemzaa Katana wa Karisa, naye akamzaa Karisa wa Katana. Bibi humtania mjukuu wake kwa kumwita "mume wangu", na utani huo una msingi, kwa kuwa jina la mtoto ndilo jina la mumewe. Pamoja na hayo yapo majina ya matukio. Charo maana yake ni safari, na mtoto aliyezaliwa safarini anaweza kuitwa hivyo, au akaitwa Safari kwa Kiswahili. Kwa kuwa safari hazikomi, akina Charo nao hawakomi.

Ni kwa namna hii tunapata majina yanayotokeza tena na tena hata katika maisha ya kitaifa. Baraza la mawaziri la Kenya lililoundwa 2013 lilikuwa na waziri wa leba, Samuel Kazungu Kambi, kutoka Kaloleni. Kabla ya mwaka wa 2015 kwisha yeye alikuwa amekwisha kuondoka, na Dan Kazungu, aliyekuwa mbunge wa Malindi, akateuliwa waziri wa madini. Mawaziri wawili, kaunti moja, serikali moja, Kazungu na Kazungu. Kwa mmoja neno hilo limekaa katikati, kwa mwingine limekaa mwishoni. Mwanafunzi atakayesoma magazeti ya miaka hiyo baada ya nusu karne, akakuta kichwa cha habari kinachomtaja "Waziri Kazungu" bila zaidi, atahitaji mwalimu hodari wa kumwongoza.

Je, wazee waliishije na wingi huu wa majina yanayofanana bila kupotezana? Walikuwa na mbinu, na mbinu mojawapo tunaiona katika jina la mwanamke mashuhuri kuliko wote wa Pwani hii. Shujaa wa upinzani wa Wagiriama wa 1913 na 1914 alizaliwa akaitwa Mnyazi, binti wa Menza. Lakini ulimwengu unamjua kama Mekatilili wa Menza. Mekatilili si jina alilopewa utotoni. Kwa Kigiriama "Me" ni mama wa, na Katilili ni mwanawe. Kijiji kinaweza kuwa na akina Mnyazi kumi, kila mmoja amerithi jina la bibi yake, bali mama wa Katilili ni mmoja tu. Ukiongeza "wa Menza" umemfunga pande mbili, kwa aliyemzaa na kwa aliyezaliwa naye. Serikali ya kikoloni ilimkamata Oktoba 1913, ikampeleka yeye na Wanje wa Mwadorikola uhamishoni Kisii, wakatoroka na kurudi kwao kwa miguu mwaka wa 1914. Leo sanamu yake imesimama mjini Malindi, na jina lililoandikwa hapo ni jina la mama wa mtu.

Tazama basi jinsi mfumo huu unavyofanya kazi. Jina la kwanza pekee halimtambulishi mtu. Linamweka katika safu, linasema amerithi kiti cha nani. Kinachomtambulisha ni mnyororo: mwana wa nani, mama wa nani, wa wapi. Mswahili wa Takaungu hutumia "bin" na "binti", Mgiriama hutumia "wa", lakini nia ni moja.

Kosa lilianza mnyororo ulipokatwa. Daftari la karani wa kikoloni lilikuwa na nafasi mbili, jina la mtu na jina la ukoo, kama ilivyo desturi ya kwao. Atiwe wapi Karisa wa Katana wa Karisa wa Takaungu? Akakatwa miguu na mikono, akabaki Karisa Katana, sawa na Karisa Katana mwingine aliye kijiji cha pili. Wakati mwingine jina la mtu mmoja likageuka kuwa jina la jamaa wote. Ngala lilikuwa jina la mtu kama majina mengine. Tangu Ronald Gideon Ngala, kiongozi wa chama cha KADU aliyefariki 1972, likapita kwa mwanawe Noah Katana Ngala, aliyekuwa mbunge na waziri, nasi tumelizoea sasa kuwa ni jina la ukoo kwa mtindo wa Kizungu. Sisemi kwamba ni vibaya. Lugha hubadilika, na majina ni sehemu ya lugha. Nasema tu tujue kwamba tumebadilisha mfumo, na kwamba vitabu vyetu vina majina ya mifumo miwili yaliyochanganywa.

Tahajia nayo iliongeza utata. Jina la Mbaruk limetokana na neno la Kiarabu lenye mzizi mmoja na neno letu baraka. Mswahili hulitamka akiangusha irabu baada ya m, kama anavyosema mtu badala ya "muntu". Waandishi wa Kiingereza waliandika kila mmoja kama alivyosikia: Mbaruk, Mbarak, Mubarak, M'baruk. Matokeo yake ni kichekesho. Mtu mmoja ameonekana kuwa wawili kwa sababu ya irabu, na watu wawili wameonekana kuwa mmoja kwa sababu ya kukosa neno moja la mahali.

Yamkini msomaji atauliza, lina hasara gani? Wafu hawana wivu, wacha wagawane jina. Nami namjibu kwamba hasara ipo, tena ni ya walio hai. Vita vya 1895 na 1896 huitwa mara nyingi vita vya Mbaruk, na msikilizaji asikiapo Mbaruk humkumbuka mzee wa Gazi, mwenye umri, ngome na sifa za zamani. Ni haki yake kukumbukwa. Lakini cheche ya kwanza iliwaka Takaungu, kwa sababu ya kiti cha Takaungu, na mikono iliyoichochea ni ya Mbaruk wa Takaungu na nduguye Aziz. Sifa ya somo yake imemfunika kama kivuli cha mbuyu. Mtoto wa Kilifi husoma juu ya vita hivyo akidhani ni habari za Kwale. Amenyang'anywa ukurasa wa historia ya kwao, na hakuna aliyekusudia kumnyang'anya.

Hasara nyingine ni ya mali na haki. Ardhi ya Wamazrui katika pwani hii ilitungiwa sheria ya amana mwaka wa 1914, sheria iliyofutwa 1989, na maneno juu ya nani mwenye haki katika ardhi ya Pwani ni mazito kwa kila upande, wenye hati na wasio na hati. Siandiki leo kuamua kesi. Nakumbusha tu kwamba penye mirathi na mashamba, swali la "mwana wa nani" si swali la udadisi. Anayeweza kulijibu ana la kusema mbele ya hakimu, na asiyeweza hurudi nyumbani mikono mitupu.

Na tusiende mbali, twende darasani. Kabla ya kuingia chuo kikuu nilifundisha shule moja ya upili karibu na Malindi. Katika kidato kimoja nilikuwa na wavulana wawili walioitwa jina moja la kwanza na jina moja la baba. Muhula mmoja nilikosea, nikampa huyu ripoti ya yule. Mwenye alama za juu alipigwa nyumbani kwa uvivu usiokuwa wake. Mwenye alama za chini alinunuliwa viatu. Baba wa yule wa kwanza alikuja shuleni baada ya wiki mbili, ripoti mkononi, akiomba kuelezwa. Nilimwomba radhi yeye na mwanawe. Viatu havikurudi dukani, wala fimbo haikurudi mkononi.

Baadhi ya wenzangu husema suluhisho ni rahisi, wazazi wawape watoto majina mapya yasiyofanana na ya mtu. Wengine husema tuwape watoto namba, maana namba hazifanani. Siwapingi kuhusu namba, kwani ofisi zina mahitaji yake. Lakini kumwambia Mgiriama asimrudishe babu yake duniani kwa jina, au kumwambia mtu wa Takaungu aache kumwita mjukuu kwa jina la marehemu, ni kumwambia akate uzi unaomfunga na waliomtangulia. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Jina la kufanana halina kosa. Kosa ni uvivu wa kutouliza.

Ninalopendekeza kwa walimu ni jepesi, halihitaji bajeti wala sera. Kwanza, kila jina la mtu wa historia lifuatwe na mahali pake na wakati wake angalau mara ya kwanza linapotajwa: Rashid bin Salim wa Mombasa, aliyeondolewa 1837, Rashid bin Salim wa Takaungu, aliyesimikwa 1895. Pili, mwanafunzi afundishwe kuandika nasaba yake mwenyewe hadi kizazi cha nne, pande zote mbili, na maana ya kila jina. Wengi wataona ajabu kuwa wao ni somo wa mtu wasiyemjua. Tatu, mwalimu anapokuta sentensi inayoonekana kuwa ya kipumbavu, aulize kabla ya kukata. Kuuliza si ujinga, na methali hiyo inamhusu mwalimu kuliko mwanafunzi.

Likizo iliyofuata kisa kile nilikwenda Takaungu. Nilimkuta mzee mmoja barazani kwake baada ya swala ya alasiri, nikamwamkia, akanikaribisha kahawa. Nilipopata nafasi nikamwambia, "Mzee wangu, nimekuja kuuliza habari za Mbaruk bin Rashid." Hakujibu upesi. Alikiweka kikombe chini, akanitazama. "Mbaruk yupi, mwanangu?" akauliza. Hakuwa ananitahini. Kwake hilo lilikuwa jambo la kawaida kabisa, kama mwenye duka anavyokuuliza unataka mchele upi. Nikamwambia, wa hapa. Ndipo akaanza, kwa jina la baba, kisha la babu, kisha la baba wa babu, wala hakufika kwenye vita mpaka kahawa ya pili.

Sentensi ya yule kijana ningali nayo. Kila mwaka huiandika ubaoni kwa wanafunzi wapya, nikawaacha wacheke, kisha nikawauliza wangeisahihishaje bila kukata hata neno moja. Huchukua muda, lakini mwishowe hutokea mmoja, mara nyingi mtu wa Pwani, akaja mbele na chaki. Naye huandika hivi: "Mbaruk bin Rashid wa Takaungu aliposhindwa kwao alikimbilia kwa somo yake, Mbaruk bin Rashid wa Gazi, akapewa hifadhi."